Masikio ya Gunia

Ghala la pareto lina mlango mpya wa kioo.
Mama anasimama mbele yake, hakioni kitasa,
anasubiri nyapara aje afungue.
Mlango unajifungua wenyewe
na mama anausalimia.

Ni Juni. Mbeya imejifunika gubigubi,
Loleza haijaonekana tangu asubuhi.
Mama kavaa sweta mbili, na juu yake kitenge cha harusi,
kwa kuwa nilimwambia tunakwenda kutazama sanaa,
naye anaamini ukienda kutazama
nawe utatazamwa.

Ndani wamepaka chokaa, ukuta mmoja tu wameuacha
na mawe yake meusi, na tarakimu za mkaa.
Kibao kinasema: *alama zisizojulikana.*
Mama anazisoma kwa sauti, kidole hewani:
Thelathini na nane, hii ya Sigwile wa Ilembo.
Arobaini na moja, ya yule aliyekuwa akichechemea.
Hii yangu. Walinikata kilo mbili, wakasema unyevu,
na jua siku hiyo lilikuwa linapasua mawe.

Nakitazama kibao.
Nautazama ukuta.
Sina la kusema, nampangusa mama vumbi begani
ambalo halipo.

Pembe za paa hazina utando hata mmoja.
Miaka yote hiyo pareto imeondoka
na buibui bado hawaamini.

Ukumbi wa kati: magunia arobaini yananing'inia,
kila moja na balbu tumboni,
yanazunguka polepole kama yanayotafuta mwenyewe.
Watu wanapita chini yake wakinong'ona.
Mimi nami nanong'ona. Nimesoma,
nazijua sehemu za kunong'ona.

Mama hanong'oni.
"Haya hayana masikio."

Binti mwenye beji anakuja kwa vidole vya miguu:
"Samahani mama, haishikwi."
"Ndiyo nasema, haishikiki! Gunia bila masikio
utalikamata wapi? Linakuponyoka mgongoni,
linamwagika, wanakukata kilo.
Nani kashona?"

Kashona kijana, anaitwa Anyosisye,
anatokea nyuma ya pazia na rangi kwenye nyusi.
Nadhani ataudhika. Natanguliza radhi,
naanza kueleza umri wa mama, miguu ya mama,
lakini yeye ameshakwenda, amesharudi
na ngazi, na uzi wa katani, na sindano ndefu
iliyopinda ncha.

Gunia linashushwa, balbu inatolewa, bado ya moto.
Mama anakaa sakafuni, miguu mbele,
anaukamata mdomo wa gunia, anakunja pembe,
anazungusha uzi mara tatu, anavuta kwa meno.
Sikio.
Pembe ya pili. Sikio.
Watu wameacha kunong'ona.
"Ukishafunga hivi," anamwambia kijana,
"hata mtoto utamlaza ndani na ukamtundika pale,"
akaonyesha msumari juu ya dirisha,
"huyu alilala pale miezi minane, akipiga chafya."

Wakanigeukia wote.
Nikautazama msumari. Ni mkubwa kuliko nilivyotarajia,
una kutu, na haukuwekewa kibao.

Pale palipokuwa na mzani sasa wanauza chai.
Muuzaji anauliza, sukari vijiko vingapi?
"Viwili," mama anasema,
anamkazia macho mkononi.
"Na upime vizuri."

Tukateremka kuelekea Mwanjelwa, ukungu ukitutangulia.
Alikuwa kimya, nikadhani amechoka,
nikadhani pengine nilikosea kumleta.
Ndipo nikaiona, imechomekwa kwenye kola ya sweta ya ndani,
ikimetameta kila tulipopita chini ya taa:
sindano ya watu.

"Mama, umeondoka na sindano yao."
Akaigusa, akahakikisha ipo.
"Yamebaki thelathini na tisa," akasema.