Uchanganuzi wa Sentensi

Ijumaa kabla ya mgomo niliacha ubao haujafutwa.
Kidato cha Pili B, kona ya dirisha lililokosa kioo,
ambapo Julai inashuka kutoka Loleza na kuingia bila hodi,
na watoto wanaandika mikono imo ndani ya mikono ya sweta.

Siku ya nane tukaitwa ukumbi wa jiji.
Walimu mia mbili na ushei, fulana za Mei Mosi mwilini,
zile za kijani, zimepauka makwapani,
juu yake makoti, juu ya makoti khanga.
Baridi ya Mbeya haijui mshikamano.
Bwana Luhwago wa utumishi akasoma mkataba mpya,
kurasa sita, mhuri mmoja,
na kwenye kifungu cha tatu akaharakisha
kama mtu avukaye tope na viatu vya kuazima:
"Madai yote ya walimu yatalipwa
kadiri fedha zitakavyopatikana."

Wengine walipiga makofi.
Mwambene wa hisabati akatoa simu, akajumlisha:
madaraja ya miaka minne, likizo mbili,
uhamisho wake wa kutoka Chunya,
kitanda juu ya lori la mbao, nauli ya mkewe.
Mimi sina namba. Nina sarufi.
Nikaigeuza karatasi ya ajenda
nikafanya kile ninachowafanyisha watoto.

Yatalipwa. Kauli ya kutendwa.
Ya-, madai. -ta-, wakati ujao. -lip-, mzizi.
Na ile -w- ndogo, herufi ninayoiogopa kuliko barua ya nidhamu,
maana humruhusu mtenda kutoka nje ya sentensi,
arudishe mlango taratibu,
amsalimie mlinzi, apande gari.

Kisha kishazi tegemezi.
Miaka kumi na tisa nimefundisha: kishazi tegemezi
hakisimami chenyewe, huegemea kishazi huru.
Hapa nikakiona kishazi huru,
na watoto wake, na kodi yake ya chumba Isanga,
kinaning'inia kwenye kitegemezi.

Zi-taka-vyo-pat-ik-an-a.
-vyo-, namna. Namna gani, hawakusema.
-ik-an-, mnyambuliko wa vitu vijitokezavyo,
kama uyoga wa Kawetere mvua ikishanyesha.
Fedha hazitafutwi. Hazitengwi. Hazigombewi kikaoni.
Zinapatikana.
Na pale katikati, -taka-.
Wanaisimu husema wakati wetu ujao ulizaliwa na kutaka,
yaani lugha hii haikuwa na kesho
mpaka alipotokea mtu aliyeitaka.
Nikapiga mstari chini yake, mara mbili.
Kalamu ikatoboa karatasi.

Katibu wetu, ndugu Asumwisye, alisaini saa nane na dakika kumi.
Sikumlaumu sana. Mama yake alikuwa amelazwa Rufaa,
na mahakama ilishatuletea amri ya kurudi kazini.
Tukagawiwa soda. Yangu ilitoka kwenye friji,
mwezi wa saba, Mbeya.
Niliishika tu.

Alhamisi nikaingia darasani.
Ubao ule ule, zoezi langu la Ijumaa ile:
"Ng'ombe amekamuliwa."
Chini yake nilikuwa nimeacha nafasi tatu,
na mtu alikuwa amezijaza kwa kipande cha mkaa.
Kiima: ng'ombe.
Kiarifu: amekamuliwa.
Mtenda: hajatajwa, lakini maziwa amekunywa.

Nikauliza ni nani. Madawati yakanyamaza.
Sekela akayatazama masizi ya vidole vyake,
akavirudisha ndani ya sweta.
Swali lilikuwa la alama mbili. Nikampa tatu,
nikamwambia afunge dirisha,
akanikumbusha halina kioo.