Bahari ya Shamu Ujiani

Tunaanza na unyoya,
unyoya wa bata, na mwiko wa kuzolea
kile ambacho kuanzia kesho ni mwiko.
Desturi inataka mshumaa; sisi tuna tochi,
maana kwa Bruno, miaka mitatu,
kila mshumaa ni keki ya kuzaliwa: ataupuliza.

Vipande kumi vya mkate nimevificha
na orodha nimeiandika, nikiwa na akili zangu,
kwa kuwa mwaka jana cha kumi tulikipata Agosti
ndani ya kiatu cha baba yao,
kikavu, kigumu, hakina haya.

Mijal anamulika kama askari wa forodha.
Chini ya kochi, chembe.
Nyuma ya redio, chembe,
na hereni niliyomsingizia wifi yangu.
"Toka, chachu! Nakuona, firauni wee!"
Miaka mitano, na mdomo huo.
Siulizi kautoa wapi.

Nje, Montevideo inapukutisha majani.
Masimulizi yote ya Pasaka yanasifu machipuko,
shayiri changa, wanakondoo;
huku kusini mwa dunia hutujia na koti la sufu
na mvua ya ubavuni kutoka mtoni.
Sawa tu. Aliyefunguliwa minyororo
haulizi ni msimu gani.

Mlango unagongwa. Lautaro wa ghorofa ya pili,
mama yake yuko zamu ya usiku hospitalini,
kashika mswaki na mto wake.
Musa hamjui. "Mnacheza nini?"
Wanangu wanamtazama kama zawadi:
hatimaye, Firauni!

Anavishwa sufuria kichwani.
Mijal ni Musa, na ufagio.
Bruno ni wana wa Israeli wote
pamoja na mifugo yao.
Mimi ni Bahari ya Shamu:
nimelala ujiani, chali, shuka la buluu kila mkono,
toka mlango wa choo hadi jikoni.

Ufagio unagonga sakafu. Napasuka.
Taifa linapita kwa magoti,
linarudi, limesahau kondoo
(ndara moja ya manyoya),
linapita tena.
Firauni anafuata mbio, sufuria ikimshuka machoni.
"Sasa funga, Mama!" anaamuru Musa.
Nami naanza kufunga, bahari mtiifu,
mpaka nasikia, chini ya bati, kisauti:
"Mimi sijui kuogelea."

Kimya.
Musa anakunja uso. "Lakini ndivyo ilivyoandikwa."
Maji mikononi mwangu yakawa mazito
kama blanketi lililolowa.
Ndipo taifa zima, na kamasi zake,
likageuka, likaishika sufuria mshikio,
likamvuta Firauni hadi ng'ambo.

Kesho usiku tutachovya kidole kwenye maji ya zabibu,
tone moja sahanini kwa kila pigo,
kumi, kikombe kipungue,
kwa sababu wa upande ule nao walilia.
Miaka thelathini nimeyadondosha matone hayo
kama mtu anayehesabu chenji.
Kesho, sijui. Mikono bado inauma.

Tukarudi kwenye mkate. Saba, nane, tisa,
vyote ndani ya mfuko wa karatasi,
vikisubiri moto wa asubuhi.
Orodha inasema cha kumi kiko jikoni,
ng'ambo ya bahari, juu ya kigoda.

Kigodani ameketi Firauni,
sufuria imekaa upogo.
Anatafuna.