Mlango wa Nyuma

Kikoba kilipovunjwa Desemba
ikabaki laki nane na ushee
isiyogawanyika vizuri kwa watu kumi na tisa.
Mweka hazina, Bi Ng'wasi, akasema: tuile barabarani.
Ndivyo tulivyokodi basi, sisi wauguzi wastaafu,
na magoti yetu na vidonge vyetu vya presha,
siku mbili, Buzuruga hadi Ukerewe,
kutazama nyumba za wenyewe na bustani za wenyewe.

Dereva, Malongo, alituita "mama zangu" mpaka Magu.
Baada ya Magu, tulipomsimamisha mara ya nne tuchimbe dawa,
akanyamaza, akaongeza sauti ya redio.

Kisorya tukaambiwa tushuke.
Basi likaingia kivukoni peke yake, polepole,
kama mgonjwa anayesukumwa kwenda kupasuliwa,
nasi nyuma yake, ndugu wa mgonjwa,
tumeshika mikoba.

Nyumba ya mtemi ina ghorofa na ngazi za mawe.
Kijana wa kutuongoza, Bugingo, amekariri kila kitu:
hapa kiti, hapa ngoma, hapa walipokelewa wageni,
mbao hizi zilikuja na meli.
Akatuomba tuvue viatu.
Nikavua.
Sakafu ilikuwa baridi kama alivyosema mama.

Mama alipiga deki hapa miaka sita.
Hakuwahi kuniambia rangi ya kuta.
Aliniambia nyufa: tatu karibu na dirisha,
mmoja umepinda kama kijito kilichosahau ziwa liko wapi.
Nikazihesabu.
Ziko nne sasa.

"Mlango wa nyuma uko wapi?"
Bugingo akatazama karatasi yake.
"Nyumba hii ina mlango mmoja, mama."
Sikubishana. Hata mgonjwa hukwambia haumwi;
wewe unabonyeza tu, taratibu, mpaka ashtuke.

Nikatoka, nikazunguka kupitia bustanini,
michungwa imezeeka, waridi limepanda mpaka dirishani.
Bi Holo alikuwa kisha vunja kitawi,
anakificha kifuani, ndani ya kitambaa chenye maji.
Amezalisha nusu ya Ilemela, atamwogopa nani?
"Ukuta ule pale," akaninong'oneza, "umeshonwa."

Kweli. Matofali ya rangi nyingine,
upana wa mwanamke mmoja na ndoo yake.
Nikaweka kiganja, nikabonyeza.
Ukuta haukushtuka.
Nilishtuka mimi.

Usiku, nyumba ya wageni, umeme ukakatika.
Tukacheka hadi saa sita kwa sababu nisizozikumbuka.

Asubuhi tulikwenda kwa mfinyanzi, Nyamisi.
Nilitarajia gurudumu. Hana.
Chungu kimetulia chini, yeye ndiye anayekizunguka,
kinyumenyume, kiuno kimeinama, mkono mmoja unafuta,
mguu unatafuta mahali bila jicho.
Wenzangu walipiga picha.
Mimi nilikuwa nimeshauona mwendo huo
uani kwetu, kila Jumamosi,
na maji ya sabuni yakirudi nyuma pamoja naye.

Nikamlipa kabla hakijachomwa.
"Kikipasuka motoni?" nikauliza.
"Kitakuwa kimepasuka," akasema.
"Utakuwa umelipia kukitazama."

Njiani kurudi, giza limeshaingia Lamadi,
Bi Ng'wasi akawasha tochi ya simu, akasoma hesabu:
mafuta, kivuko, malazi, samaki,
soda za dereva (tatu, akasisitiza, tatu),
bakaa elfu tatu na mia mbili.
Akauliza tuifanyeje.

Hakuna aliyejibu.
Waridi la Bi Holo lilikuwa limeanza kulala
na yeye pia.
Kumi na nane, nilipowahesabu,
vichwa vimeangukia vioo,
na viatu, bila kuombwa na mtu,
wamevua.