Saba

Jumapili ya pili ya mwezi, saa sita na nusu,
kando ya barabara kuu itokayo Okayama,
baina ya duka la matairi na kituo cha mafuta,
baba hufika kwanza.
Huegesha gari. Hungoja ndani yake. Hashuki hadi amwone.
Mkahawa ni ule ule wenye matawi mia nne na ladha moja.
Dirishani wamepanga vyakula vya plastiki:
tambi zinaning'inia kwenye uma usioshikwa na mtu,
kamba wa kukaanga mikia juu,
bakuli la wali na nyama lisilopoa
kwa kuwa halijawahi kupata moto.

Wakana ana miaka kumi na mitano.
Alikuwa na saba wazazi walipotengana,
na siku ile ya kwanza, hapa hapa, meza ya kumi na moja,
alikula hambagu,
donge la nyama ya kusaga lililokuja likinguruma
juu ya sahani ya chuma, jibini imejificha tumboni.
Akasema, "Baba, hiki ndicho chakula bora duniani."
Alisema hivyo kwa sababu baba alikuwa analia
na yeye hakuwa na neno jingine.

Neno likitoka halirudi.
Hili limeliwa mara tisini na kitu:
siku za mvua, siku za mafua, wiki ya mitihani,
hambagu ya jibini kwa binti,
na kwa baba bakuli dogo la nyama na kitunguu,
bei ya chini kuliko zote.
"Nimeshiba," husema. "Asubuhi nilikunywa chai nzito."

Leo Wakana amewahi. Baiskeli yake imeegemea ukuta.
Baba anakuta skrini ya kuagizia imekwisha kubonyezwa.
"Nimeagiza," anasema bila kumtazama. "Saba."

Huko kwao kibua huitwa saba:
kibua wa chumvi, wa kuchoma, ngozi imetoka malengelenge,
kilima cha figili iliyokunwa, kipande cha ndimu,
wali, supu ya miso.
"Saba?"
"Saba."
Sisi tungesikia hesabu. Wao wamesikia samaki.
Lakini baba ameinua macho kama mtu aliyedaiwa miaka.

Kidole chake kinatambaa juu ya skrini.
Kinapita bakuli dogo,
kinapita kari na nyama ya nguruwe ya kukaanga,
kinapita lile bakuli la kuku na yai
waliloliita mzazi-na-mwana
(hapo kinaharakisha),
kinatua kwenye hambagu ya jibini.

Roboti yenye uso wa paka inawaletea vyote,
inapepesa, inaomba radhi kwa kuziba njia.
Baba anakata. Jibini inamwagika. Anaganda.
"Kumbe ina jibini ndani."
Miaka minane ameilipia, hakuwahi kuionja.

Wakana anapitisha kijiti mgongoni mwa samaki,
anabonyeza, anabinua,
anainua mfupa mzima, kichwa hadi mkia,
kama anayefungua zipu.
"Nani kakufundisha?"
Paka wa umeme anapita meza ya jirani. Samahani. Samahani.
"Bwana Nagase."
Jina la mume wa mama
halijawahi kufika kwenye meza hii.
Sasa limevuta kiti, limekaa.

Baba anatafuna. Uzi wa jibini unatoka mdomoni hadi kwenye uma,
mrefu, hauna adabu, hautaki kukatika.
"Anachoma vizuri?"
"Anaunguza. Kila Alhamisi."
"Ah," anasema baba, na pua yake inataka kucheka.

Wakana anagawa saba katikati.
Upande wa tumbo, wenye mafuta,
anauweka ukingoni mwa sahani ya chuma ya baba,
ambayo bado ina moto.
Tssss, anasema samaki.