Kiuno cha Mwanga

Futi shingoni, pini tatu mdomoni,
mama aliniuliza bila kuinua macho:
"Hiyo fotoni yenu, kiuno inchi ngapi?"

Nilikuwa kidato cha tano. Nilikuwa nimetoka maabara
na kipande cha kioo mfukoni, nimekizungushia gazeti.
Kioo cha dirisha tu. Tulikishikilia juu ya koroboi
hadi kikawa cheusi: kioo cha moshi, mjini Moshi,
na mimi mtoto wa Pasua nikapewa wembe, nikapasua
mistari miwili, karibu karibu,
kama reli ya Tanga ukiitazama kwa mbali.

Mwalimu Mbwambo aliwasha kitochi chake chekundu cha leza
alichokiokota kwenye mafungu ya Kiboriloni
kwa bei ya soksi.
Madirisha tuliyaziba kwa khanga za matroni.
Ukutani hatukuiona mistari miwili.
Tuliona mingi: nyekundu, giza, nyekundu, giza,
mkeka umesimama wima.

"Hata ukizituma moja moja," akasema,
"hii leo, nyingine kesho,
kila moja ifike peke yake, igonge ukuta kwa nukta,
ukirudi baada ya mwezi utaukuta mkeka huu huu."

Eliaichi wa dawati la mbele akauliza:
ni duara? Yai? Au ndefu kama sindano?
Mwalimu akafuta ubao ambao haukuwa na kitu.
"Ukiikuta ukutani, ni nukta. Njiani, usiniulize.
Urefu wa wimbi naujua,
lakini huo ni urefu wa hatua, si urefu wa mguu."

Nikamsimulia mama vile vile. Akatema pini.
"Basi hamjui."
"Tunajua, mama. Ni swali ndilo halishiki."
"Halishiki! Limeisha gundi?"
Akacheka mpaka cherehani ikasimama.

Kisha akavuta jora la kitenge, akalipiga kofi.
"Hili saizi gani? Halina.
Nikishakata ndipo pana mtu mle ndani."
Nikadhani tumemaliza, nikashika mlango.
"Lakini jora nalibeba," akasema, kama anajibishana na jora.
"Linanivunja mgongo kutoka sokoni. Yenu hiyo, uzito?"
"Haina."
"Hata ikisimama?"
"Haisimami. Ikisimama, haipo."

Hapo alinyamaza. Alinyamaza muda wa pindo zima la sketi.

Usiku nikachukua daftari lake la vipimo,
nikafungua ukurasa kati ya Mama Ndewario na kwaya ya vijana.
Jina: Mwanga. Kifua: sina. Urefu: sina. Malipo ya awali: sina.
Chini yake, kwa kalamu yake ya kaboni:

*Mwanga nimekupimia, futi imenipotea,*
*Kiuno sikufikia, mabega yameelea,*
*Mkono unaingia, lakini hujaenea,*
*Wewe mteja wa njia, nikukatie ya nani?*

Hakulichana. Kesho yake aliongeza neno moja
pembeni, kwa herufi zake za kuegemea: *Atarudi.*

Asubuhi hiyo Kibo ilijitokeza yote, bila shuka.
Mama alisimama mlangoni, jicho moja amelifumba,
sindano ameielekeza mlimani,
uzi ameulowesha mate, akakosa,
akaulowesha tena, akakosa.
Na katika tundu lile lile, mbele ya uzi,
mwanga ulikuwa umeshapita, mkavu,
umetoka jua dakika nane zilizopita
na kumwangukia kwenye kope.

Nilitaka kumwonyesha. Nilitaka kusema, tazama, umepita,
sasa niambie wewe ulikuwa mnene kiasi gani.
Lakini pini zilikuwa zimerudi mdomoni
na mteja wa saa mbili ameshafika, mikono juu,
amevuta pumzi yote ndani
ili futi imkute mwembamba.