Ukimya wa Zloti Mia Tisa

Ziemowit, kijana wa duka pale Mtaa wa Piotrkowska,
aliniuliza nitakaa angani saa ngapi.
Nne, nikamwambia, mpaka Reykjavik.
Mwanangu Radosław amepata binti, Jumapili anabatizwa,
na mimi, kwa miaka yangu sabini na moja,
juu nimefika kwa ngazi ya kufutia madirisha tu.

Akanipangia jozi tatu kwenye kaunta.
Hizi nyeusi, betri hudumu saa thelathini.
Hizi za rangi ya maziwa zinakunjika, zinaingia mkobani.
Na hizi, punje mbili kama maharage,
unazichomeka ndani kabisa.
Nikazikataa hajamaliza.
Cha kuingia sikioni mwangu ni maji ya kuoga
na umbeya, basi.

Akaeleza: mna maikrofoni ndogo humu,
inasikiliza mngurumo wa injini,
kisha hedifoni zinatoa mngurumo wa pili, uliopinduliwa,
ule ukipanda huu unashuka,
inakutana, inamalizana.
Dawa ya moto ni moto, nikasema.
Karibu na hapo, akasema.
Na mtoto akilia kiti cha nyuma?
Akajikuna shingo. Nikampenda kwa kule kujikuna.
Mtoto utamsikia, mama.
Hizi zinaiweza kelele isiyobadilika.
Kilio hubadilika kila pumzi.

Akawasha spika kubwa rafuni ili nijaribu,
ikanguruma ndege, ndege nzima isiyo na abiria,
nami nikawa nimesimama tena ukumbi namba nne:
mitambo mia na ishirini ya kufuma,
vumbi jeupe kwenye nyusi,
na Halszka wa mtambo wa jirani akinisimulia kwa midomo
mume aliyemkimbia, foleni ya nyama, mume aliyerudi,
bila kutoa sauti,
maana sauti mle ilikuwa kutia maji kwenye pakacha.
Miaka ishirini na tisa tulisomana kama gazeti.
Hatukupewa hata pamba za masikio,
kwenye kiwanda cha pamba.

La kushoto lilikufa mwaka themanini na tatu;
halikungoja dawa.
Nilimuuliza Ziemowit kama anauza upande mmoja, nusu bei.
Akadhani natania.

Nikavaa zile nyeusi.
Akabonyeza kitu, na ndege ikazama.
Ikazama na friji ya soda, na tramu ya nje,
na viatu vya mteja mwingine.
Ukabaki ule mluzi wangu wa sikio la kulia,
peke yake chumbani, miguu juu ya meza,
kama mpangaji asiyelipa kodi.
Huyo hapinduliwi. Huyo hana injini.

Midomo ya kijana ikasema: Zinabana?
Yangu ikamjibu: Kidogo, penye miwani.
Akaniinulia upande mmoja. Umesemaje, mama?

Zile za maziwa hazikubana.
Zloti mia tisa arobaini na tisa,
theluthi ya pensheni na chenji ya mkate.
Nikazishika, nikazirudisha, nikazishika.
Kisha nikamwambia: nitafutie kilio cha mtoto.
Akanitazama. Akatafuta kwenye simu,
akaupata mkanda wa kichanga fulani mwenye hasira,
akaucheza humo humo ndani ya ndege yake ya rafuni.

Injini haikuwepo.
Mtoto alikuwepo, mbali, mwembamba,
kama uzi mmoja ulioponyoka kwenye kitambaa.

Nifungie hizi, nikasema.

Alinipa risiti, akaniandikia dhamana ya miaka miwili,
akanionyesha mara tatu pa kuchomeka chaja.
Nikatoka. Nikageuka nyuma ya kioo
nikamwambia asante kwa midomo,
polepole, kwa ufasaha, jinsi ningemwambia Halszka.

Akaja mbio mlangoni:
Mama, umesahau kitu?