Koti Lake

Halifax, mji wa mawe meusi na mvua isiyokata shauri.
Piroska alifika mwaka wa hamsini na sita,
vifaru vikiwa bado mitaani kwao Budapest,
na sanduku lililofungwa kwa kamba
na lugha isiyomuuliza mtu ni mume au mke
kabla ya kumruhusu amiliki kijiko.

Kiingereza kiliuliza.
Kiliuliza mezani, kwenye foleni ya mkate:
kofia ni ya nani, bwana au bibi?
Bwana, his. Bibi, her.
Kofia yenyewe haikuulizwa kitu.

Akayachanganya miaka hamsini na minane.
Kasisi na ndevu zake: akasema her.
Mama mkwe na meno yake ya bandia: his.
Muuza nyama alicheka hadi akakosea mizani,
soseji mbili za bure.

Clifford, mumewe, karani wa kiwanda cha mazulia,
hakucheka. Aligonga kikombe kwa kijiko, ting,
na Piroska akarudi nyuma ndani ya sentensi
kama mtu aliyesahau kufunga geti.
Maureen kauza baiskeli yake. Ting.
Mwenye nyumba kavunja mguu wake. Ting.
Siku nyingine alipatia, na bado akasubiri mlio.

Usiku mmoja alimjibu:
Cliff, kwa nini neno lenu linamchungulia mwenye mali
chini ya nguo, na nguo ipo mbele ya macho?
Clifford alifikiri. Alikuwa mtu wa haki.
Sijui, akasema. Ndivyo tulivyolikuta.

Alikufa Februari.
Binti yao Gillian akaja na mifuko ya duka la hisani:
viatu, tai, mashati ya kola ngumu.
Koti la sufu likasahauliwa nyuma ya mlango.

Mimi ni jirani, mlango wa pili. Asubuhi ya barafu
nilimkuta Piroska akimwaga chumvi kwenye ngazi,
amelivaa, mikono ameikunja mara mbili.
Gillian, ndani ya gari, akateremsha kioo:
Mama, hilo ni koti la baba. His coat.

Her coat, akasema Piroska.
Kisha akanyamaza, sikio upande wa jikoni.

Hakuna kilicholia.

Nimejaribu kuyaandika haya kwa lugha yangu
na lugha yangu hainisaidii. Yenyewe hulitii koti:
kikombe chake, miwani yake, koti lake;
lake la marehemu, lake la mjane,
herufi nne zilezile, hazifui wala hazipigi pasi.
Kwa hiyo siwezi kukwambia kama alikosea.

Naweza kukwambia alitia mkono mfukoni mwake
akatoa penseli fupi na tiketi ya basi ya mwaka jana,
akavitazama, akavirudisha.

Mfukoni mwake nani, utaniuliza.
Mwa koti.